Mlango wa Kushoto

Gari lile liliingia gerejini likiwa limefungwa kamba. Ilikuwa kamba ya kuanikia nguo, imepitishwa kwenye dirisha la mbele la kushoto, ikazungushwa kwenye nguzo ya mlango, ikatokea dirisha la nyuma na kukazwa kwa fundo la mtu asiyejua mafundo. Mama Kitasa aliliona fundo kabla hajamwona dereva, na akajua ni fundo la nani.

Moyo ukamruka. Mtu mzima, mama wa mtoto anayesoma, mikono imejaa grisi hadi viwikoni, na moyo unamruka kwa sababu ya fundo baya. Mapenzi hayana haya.

Kazi yake pale gerejini ilikuwa milango: vitasa, vioo, bawaba. Ndiyo maana wenzake walimpa jina hilo. Na dereva alikuwa mfamasia, mwanamume aliyempenda kwa siri ambayo mafundi wote waliijua. Mtu pekee ambaye hakutakiwa kuijua alikuwa mama yake mfamasia, na mama mtu huyo ndiye aliyekuwa anashuka sasa kutoka kiti cha nyuma, mkono wa kushoto umefungwa plasta, mkoba ukining'inia kwenye mkono mzima.

Gari lenyewe lilikuwa la marehemu baba yake mfamasia. Lilikuwa na taa za duara, pua ndefu, rangi ya maziwa, na halikuwa na mikanda kwenye viti, kwa kuwa lilitengenezwa enzi ambazo watu walijishikilia wenyewe.

"Shikamoo, Mama," akasema Mama Kitasa, akijifuta mikono.

"Marahaba. Wewe ndiye Mama Kitasa?"

"Ndiye mimi."

"Vizuri. Nilitaka nikuone uso. Mtu akitaka kuniua, napenda nimjue."

Nyundo zikanyamaza. Mzee mwenye gereji akatoka ofisini na kikombe chake cha chai.

"Kuna nini, mama yangu?"

"Kuna mlango, baba. Mwanangu aliuleta hapa mwezi uliopita, akarudi nyumbani anasifia. Ati, mama, sasa mlango unafunga kama friji. Juzi tumefika kona ya sokoni, friji likafunguka. Nikamwagika barabarani kama gunia la viazi. Watu wakakimbilia kuniokota, mmoja akaniuliza kama nimelewa. Umri huu."

Fundi rangi akacheka puani. Mzee alipomtazama, akainama na kuendelea kupiga msasa mahali ambapo palikwisha kuwa laini.

Mama Kitasa alimtafuta mfamasia kwa macho. Alikuwa amesimama upande wa pili wa gari, anaangalia kofia ya tairi kana kwamba imeandikwa kitu. Alivaa shati lake jeupe la kazini, lile ambalo Mama Kitasa mwenyewe alimpigia pasi Jumapili moja mvua ilipomzuia mwanamume huyo kuondoka. Hatimaye akainua macho. Yalikutana na yake, yakaomba kitu asichokielewa, yakarudi kwenye tairi.

"Mama Kitasa," mzee akaita. "Uliukaza mlango huu au hukuukaza?"

"Niliukaza."

"Basi uangalie. Kama kosa ni lako, uje uniambie wewe mwenyewe, halafu ukusanye vifaa vyako. Sitaki gereji yangu isemwe kuwa inamwaga wazazi wa watu."

Hakusema kwa hasira, na hapo ndipo palipouma. Gereji nyingine mjini zilikwisha kumwambia kwamba haziajiri fundi mwanamke. Huyu mzee peke yake alisema, "Njoo, tutaona." Akifukuzwa hapa, hakuna pa kwenda isipokuwa kurudi kwa kaka yake, na wifi yake alikuwa anaisubiri siku hiyo kama watu wanavyosubiri mshahara.

Mama mtu akapewa kiti kivulini. Akakigeuza ili auone mlango, akaketi, mkono wa plasta mapajani. Alikuwa mbali kiasi cha kuona kila kitu na kutosikia.

Mama Kitasa akakata kamba. Mlango ukaning'inia wazi, mzito, kama mtu aliyezimia. Akapiga magoti mbele ya nguzo. Pale ndipo panapofungwa kile kipande cha chuma ambacho ulimi wa kitasa hukiuma mlango unapofungwa. Kinashikwa na skrubu tatu. Skrubu zikilegea zenyewe, hazilegei pamoja. Moja hutangulia, nyingine hufuata kwa kusitasita, na chuma kikicheza hukwaruza rangi polepole. Hizi zililegea zote tatu, sawasawa, na rangi ilikuwa nzima. Vichwa vyake vilikuwa na michubuko mipya inayong'aa, ya bisibisi ndogo mno iliyoteleza na kurudi, ikateleza tena. Mkono wa mtu asiye fundi.

Alikaa pale magotini muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Kisha akasimama.

"Nahitaji mtu ndani," akasema.

Mlango wa gari la zamani haukazwi na mtu mmoja. Unaziacha skrubu nusu, mtu wa ndani anauvuta taratibu huku wa nje akisukuma, na ulimi wa kitasa unakisogeza chuma hadi kipate mahali pake. Kisha unafunguliwa kwa upole kabla chuma hakijahama, unakaza kidogo, mnarudia. Mnaweza kurudia hata mara kumi. Ukiwa na haraka, utaufanya ufunge kwa kubamizwa, na mlango wa kubamizwa siku moja hukataa.

Fundi rangi akaweka msasa chini aje kusaidia. Sauti ya mama mtu ikamkuta njiani.

"Aingie mwanangu. Ndiye aliyesifia."

Mfamasia akaingia. Kioo kilikuwa kimeshushwa nusu. Kati yao palibaki mlango tu, na nyuso zao zilikuwa karibu kiasi kwamba alisikia ile harufu yake ya sabuni na dawa, harufu iliyokuwa ikibaki kwenye mto wake.

"Vuta. Polepole. Usibamize."

Akavuta. Naye akasukuma kwa kiganja.

"Umekonda," mfamasia akanong'ona.

"Nimeitwa muuaji mbele ya watu, unaniambia nimekonda."

"Sikujua kama atasema vile."

"Ila ulijua anakuja."

Mfamasia akatabasamu lile tabasamu lake linaloanzia upande mmoja, ambalo siku ya kwanza lilimfanya Mama Kitasa anunue dawa ya kikohozi ilhali alikuja kununua plasta ya kidole.

"Fungua," akasema Mama Kitasa. "Taratibu." Akazikaza skrubu robo. "Vuta tena. Nani amelegeza hizi?"

"Zipi?"

"Usinifanye mtoto. Hizi skrubu zimefunguliwa kwa mkono. Bisibisi ndogo. Nani?"

Akatazama kivulini alikokaa mama yake, kisha akausogeza uso hadi kwenye ukingo wa kioo. Macho yalimng'aa kama ya mtu anayefunua zawadi.

"Mimi," akasema. "Nilizilegeza mimi."

Mkono wa Mama Kitasa ukabaki juu ya mlango.

"Nilitaka mama akuone," akaendelea haraka. "Mwaka mzima unaniuliza, lini utanipeleka kwa mama yako. Nikianza kumwambia, mama, kuna mwanamke, atauliza ni nani. Nikisema ana mtoto, kaachana na mume, ni fundi gereji, basi atafunga masikio. Nikawaza, kwa nini asikuone kwanza? Aone unavyoshika kazi. Aone unavyolitunza gari la baba. Atakupenda mwenyewe, mimi sijasema neno. Nikazilegeza kidogo ili tuwe na sababu ya kuja wote."

Na kwa muda mfupi, jambo ambalo baadaye alilionea aibu kuliko yote ya siku ile, Mama Kitasa alifurahi. Mwanamume amepiga magoti na bisibisi kwa ajili yake. Alitaka kupitisha mkono dirishani amguse shavu. Mwanamke aliyesubiri sana hushiba hata kwa harufu.

Kisha akili ikafika.

"Ukaulegeza mlango anaouegemea mama yako."

"Hakai mbele. Tangu baba afe hajakaa mbele hata siku moja. Lakini siku ile alikuwa anapeleka cherehani kutengenezwa, akaiweka nyuma, akaja mbele. Nilishtuka mno."

"Ulishtuka ukafanya nini?"

"Ningefanya nini?"

"Ungesema. Mama, usiegemee huo mlango."

"Angeniuliza nimejuaje."

Alisema hivyo kwa utulivu, kama mtu anayetoa sababu inayojitosheleza. Kisha akaongeza:

"Niliendesha polepole sana."

Mama Kitasa akamtazama. Ni uso uleule: nyusi zilezile nene, kovu dogo la kidevuni alilokuwa akilibusu. Hakuna kilichobadilika, na hilo ndilo lililomtisha. Alikuwa hivi hivi tangu mwanzo, alipokuwa anakuja kwake akishuka kituo kimoja kabla ili asionekane, alipokuwa anapokea simu ya mama yake na kusema, "Niko na rafiki."

"Fungua," akasema. Akakaza. "Vuta."

"Umekasirika."

"Nafanya kazi. Sikiliza kama kuna upepo unaingia juu."

"Hakuna. Sikiliza wewe, mpenzi." Sauti yake ikashuka. "Tukiyamaliza haya vizuri, hakuna kilichoharibika. Mwambie mzee labda ulisahau kukaza. Mara moja tu. Utaomba msamaha, mama ataona una adabu, na mama anapenda mtu mwenye adabu."

"Mzee atanifukuza. Umemsikia."

"Hatakufukuza. Na akikufukuza, mimi nipo."

"Upo wapi?"

"Nipo. Nitakutafutia kitu. Duka letu linahitaji mtu wa kufagia na kupanga maboksi." Akaugusa mkono wake uliokuwa juu ya mlango, kwa kidole kimoja, chini, mama yake asione. "Libebe hili kwa ajili yetu. Kwako wewe ni mlango tu. Kwangu mimi ni mama."

"Na kwangu mimi ni chakula cha mwanangu."

"Huyo mtoto ananiita anko, ananipenda. Ukiyaharibu haya leo, utamwambia nini?"

Hilo alilisema kwa upole. Watu waoga hutumia watoto wa wenzao kwa upole sana.

Mama Kitasa akautoa mkono wake. Akazikaza zile skrubu hadi mwisho, moja moja, kwa bisibisi ya saizi yake, bila haraka. Kisha akasema, bila kumtazama:

"Nakupa nafasi moja. Nitafunga mlango huu mbele yao, halafu mzee ataniuliza kosa la nani. Mimi sitajibu. Utajibu wewe. Ukisema kweli, hata kama mama yako atanitemea mate, nitakuoa mimi nisikusubiri wewe. Umenielewa?"

"Usinifanyie hivi."

"Shuka."

Akashuka. Mzee akaja, mama mtu akainuka, mafundi wakajifanya wanatafuta vifaa upande uleule. Mama Kitasa akausukuma mlango kwa vidole viwili. Ukaenda wenyewe, ukaingia, ukatoa mlio mmoja mdogo na kutulia. Mzee akauvuta, akautikisa, akaitikia kwa kichwa.

"Kazi safi. Haya. Ilikuwaje?"

"Skrubu zilifunguliwa kwa mkono," akasema Mama Kitasa. "Si mtikisiko."

"Mkono wa nani?"

Alimtazama mfamasia, na alimtazama wazi, mbele ya watu wote, kwa mara ya kwanza tangu wapendane. Hakujali tena nani anaona. Macho yake yalisema yote ambayo mwaka mzima yalikatazwa kusema. Kama kulikuwa na mtu pale asiyejua, alijua wakati ule.

Mfamasia akakohoa. Akanyoosha mkono wa shati lake.

"Mimi sio fundi," akasema. "Siwezi kujua. Ila... binadamu hukosea. Labda siku ile alikuwa na kazi nyingi, hakukaza vizuri. Ni jambo la kusameheana. Mama, au siyo?"

Fundi rangi akaachia tusi dogo kwa sauti ya chini.

Mama Kitasa aliinama akaanza kukusanya bisibisi zake, kubwa, ya kati, ndogo, akazifuta moja moja kwa kitambaa na kuzipanga kwenye mfuko wake wa turubai. Mzee mwenye gereji alifungua mdomo, lakini mama mtu alimtangulia.

"Acha hivyo vifaa, wewe," akasema. "Huendi popote."

Akamgeukia mwanawe. Hakupandisha sauti. Alisema kama mtu anayesoma bei sokoni.

"Nilikuwa dirishani jikoni. Nikakuona umepiga magoti hapo mlangoni, ulimi umeutoa nje kama ulivyokuwa unafanya ukiandika, ulipokuwa darasa la kwanza. Nikafurahi. Nikasema, leo mwanangu ameshika kazi ya mkono. Hata chai nilikuongezea sukari."

"Mama, sikiliza..."

"Nimesikiliza. Nimelala hospitali nikisikiliza, nikingoja uniambie. Ulikuja na matunda. Ukaniambia, mama, mafundi wa siku hizi. Nikasema, haya, twende kwa huyo fundi, labda mbele yake atasema. Nikamtukana mbele ya watu, wewe ukatazama tairi. Nikakuingiza humo ndani na yeye, mkaongea wee. Nikasema, akitoka atasema." Akauinua mkono wa plasta kidogo, akaushusha. "Mfupa huu utaunga. Daktari amesema."

Mfamasia alikuwa amegeuka rangi. "Nilitaka tu umpende," akasema, karibu kulia.

"Nani, huyu?" Akamgeukia Mama Kitasa, akamtazama toka kitambaa cha kichwani hadi viatu. "Mwanangu anarudi nyumbani ananuka grisi, anacheka peke yake, nisijue kuna mtu? Nimekujua siku nyingi. Na usidhani nimekuja hapa kukupenda. Una mtoto wa mtu, una mdomo, na una mikono kama ya kuli. Nilimtakia mwingine."

"Nami sikuja kwako, Mama," akasema Mama Kitasa. "Wewe ndiye uliyenijia. Ukanivunjia jina mbele ya wenzangu, na ulikuwa unajua."

"Ndiyo. Nilikutumia. Ulitaka nikuombe?"

"Nilitaka umwambie mzee, sasa hivi, kwa sauti ileile uliyoingia nayo."

Mama mtu akamgeukia mwenye gereji, akapaza sauti hadi mafundi wa nyuma ya ua wakasikia.

"Baba, fundi wako hana kosa. Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyezaa."

Hakuna aliyecheka, hata fundi rangi.

Mzee akakohoa, akasema, "Basi yameisha," akarudi ofisini na chai yake iliyopoa, kwa haraka ya mtu asiyependa kuona vya watu.

Mama mtu akaufungua mlango wa mbele wa kushoto, yeye mwenyewe, kwa mkono mzima. Kabla hajaingia akasogea karibu na Mama Kitasa, na kwa mara ya kwanza akazungumza ili wasikie wao wawili tu.

"Sikiliza, mwanangu," akasema, na neno hilo lilitoka kwa shida kama mwiba. "Mimi nimekwisha kumzaa, sina pa kumrudisha. Nitamuuguza, nitampikia, na siku moja nitakufa akiwa anatazama tairi. Wewe hujamchukua bado."

Akaingia, akaketi mbele, akaegemea mlango kwa bega lake lote.

Mfamasia alibaki nje, funguo mkononi. Akamfuata Mama Kitasa hatua chache, akasimama mahali ambapo mama yake asingeweza kumwona kwenye kioo. Hata wakati ule alichagua pa kusimama.

"Nitakuja jioni tuongee," akanong'ona. "Nikueleze vizuri. Ulinibana mbele ya watu, nilishikwa na hofu. Unajua nakupenda."

"Najua," akasema. "Ndiyo mapenzi uliyonayo. Hayo ndiyo uliyomfanyia mama yako, naye unampenda kuliko mimi."

"Utamwambia nini mtoto?"

"Kwamba anko hatakuja tena. Atalia, halafu ataacha. Yeye ana miaka saba, anajua kukiri akivunja kikombe."

Honi ikalia, mara moja, fupi. Mfamasia akashtuka, akageuka na kukimbia. Ndiyo, alikimbia, shati jeupe likipepea, akazunguka gari, akaingia na kuliwasha. Gari la rangi ya maziwa likatoka getini polepole sana.

Mama Kitasa hakulisindikiza kwa macho. Kulikuwa na pikapu imeinuliwa kwa jeki, haikuwa kazi yake, lakini alivuta ubao wa kulalia, akajilaza chali na kujisukuma chini yake. Pale ndipo alipolia. Mtu akilia amelala chali, machozi hayaendi shavuni. Yanateremka pembeni na kuingia masikioni, yanakuziba, na dunia nzima inasikika kama iko ndani ya maji. Alimlilia mtu wake, alizililia Jumapili zake, akaulilia na upumbavu wa ile furaha fupi pale dirishani, kwa kuwa ilikuwa furaha ya kweli na hakuna mtu ambaye angemrudishia.

Viatu vya fundi rangi vikasogea, vikasimama kando ya tairi. Vikakaa hapo, havijui la kufanya.

"Mama Kitasa. Una nini huko chini?"

Akayafuta masikio kwa kiganja chenye grisi.

"Bolti ngumu," akasema. "Nipe spana ya kumi na tatu."